Upande wa Tumbo Ulionyamaza

Siku ile tulikuwepo hawa: mume wa mdogo wangu, amevaa koti la mtumba ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu alisema mtu haingii hospitali kubwa bila koti; mama yake mzazi, ambaye ndiye mama mkwe wa mdogo wangu, amekaa sakafuni juu ya khanga kando ya kitanda baada ya kulikataa benchi; sista wa zamu, mwanamke mnene wa Ukerewe ambaye hata akikusalimu ungedhani anakuamrisha; daktari, mtu mfupi aliyefuta miwani yake kila alipotaka kufikiri; mdogo wangu mwenyewe kitandani, umri miaka kumi na tisa; na mimi dada yake, miaka ishirini na minne.

Hao ni sita, na hakuna aliyewabishania. Ubishi ulikuwa tumboni mwa mdogo wangu. Mama mkwe alituhesabu watu wanane. Daktari alituhesabu saba. Na huyo mmoja waliyepishana juu yake ndiye aliyekuwa anamuua mdogo wangu.

Lazima niseme ukweli mapema: hesabu ya wanane niliianza mimi.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba kimoja Nyakato. Huyu ninayemsimulia ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Nilifanya kazi nyingi za mkono, lakini iliyotukuza ni ya mapanki. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, nyama ya sangara ilianza kupanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na kichwa, mifupa na mkia. Ndiyo mapanki. Nilikuwa nayachukua kiwandani asubuhi, nayakausha juani, nayakaanga, nayauza. Nguo zangu zilinuka hata baada ya kufuliwa, lakini hakuna mdogo wangu aliyelala njaa.

Mdogo wangu aliolewa akiwa na miaka kumi na minane, na kijana aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo pale Nyakato. Mwaka uleule kiwanda kikapunguza watu, na yeye akawa miongoni mwao. Wakarudi kwao upande wa Sengerema, kulima pamba na kuchunga ng'ombe wa mama yake. Ili kuonana na mdogo wangu nilitakiwa kuvuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, kisha nitembee.

Alipokuwa na mimba ya miezi minne alivuka kuja kunitembelea. Nilimwona akishuka barabarani na nikashika mdomo. Tumbo lilikuwa kama la miezi saba. Nilimfikisha chumbani, nikampapasa, nikakuta upande wa kushoto laini na upande wa kulia mgumu, umejaa, umesimama.

"Wako wawili," nikasema.

"Dada, usinitanie."

"Mkono wangu umekulea wewe na wenzako. Unajua unachoshika. Wako wawili."

Sikuwa mkunga. Niliwahi kubeba watoto mgongoni, basi. Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Tulizika wawili. Niliposhika tumbo lile, niliwaona baba na mama wanarudi pamoja, siku moja, kupitia mlango mmoja. Mtu akitaka kitu kwa namna hiyo, mkono wake utamwambia chochote.

Kwetu Usukumani mapacha si jambo dogo. Majina yao hayachaguliwi, yapo tayari tangu enzi. Chochote anachopewa mmoja apewe na mwenzake, kwa kipimo kilekile, maana anayepunjwa hununa, na pacha akinuna nyumba nzima huumwa. Tena zipo nyimbo zao, zenye maneno ambayo siku nyingine mtu mzima akiyatamka atatozwa faini, lakini kwa ajili ya mapacha huimbwa uani mbele ya wakwe bila aibu. Mama mkwe alipopata habari alikamua ng'ombe wake wote kwa furaha. Alitafuta vibuyu viwili vya maziwa vilivyolingana, akavipima kwa maji kuhakikisha kimoja hakikizidi kingine. Alipika togwa, akaita majirani. Nilivuka kwenda kwenye sherehe hiyo, na niliimba nyimbo zile mpaka watoto wakafukuzwa uani.

Siku hiyo ndipo mdogo wangu aliniita pembeni.

"Dada, upande wa kulia unachoma. Ukianza, nashindwa hata kusimama."

"Wanagombania nafasi," nikamjibu. "Lalia kushoto."

Akatii. Tangu mama afe, mtoto yule alikuwa ananitii mimi. Nikimwambia lala, alilala; nikimwambia maumivu haya ni ya furaha, aliyavumilia kama ya furaha. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi.

Kwenye zahanati yao, mkunga alimpima akasema anasikia moyo mmoja tu. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na walipotoka nje akasema, "Huyo mwingine amejificha nyuma ya mwenzake. Mapacha wana aibu." Hapo mambo yakaishia.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, mume wake alinifuata kwenye karai langu la mapanki. Hakunisalimu.

"Dada, tumevuka naye. Yuko kwenye gari hapo nje. Tangu jana anatapika, na tumbo haligusiki."

Nilimwachia jirani karai na mafuta yake yakichemka, nikaondoka na aproni.

Hospitali kubwa iko juu ya kilima, na ukiwa wodini unaona ziwa na mawe yaliyopandiana majini. Siwezi kusema lolote baya juu ya mahali pale. Tulipokewa kabla mume wake hajamaliza kujieleza. Ilikuwa miaka ile ambayo hospitali zilianza kuomba wagonjwa wachangie, na tulitumwa dukani kununua glavu na uzi. Lakini wakati sisi tunatafuta duka, wao walikwisha kumlaza, wamemwekea dripu, na wamempeleka kwenye altrasaundi, mashine ya kuona ndani ya tumbo kama televisheni. Mama mkwe alifika baadaye kidogo, amekuja na vibuyu vyake viwili vya maziwa.

Daktari alifuta miwani, akageuza kadi ya kliniki, na nyuma yake akatuchorea nyumba ya mtoto kama papai lililogeuzwa juu chini. Kila upande akachora kiduara.

"Hivi ni vifuko vya mayai," akasema. "Kila mwanamke anavyo viwili, vidogo kama njugu mawe. Mtoto yuko hapa katikati, ni mmoja na ni mzima. Lakini hiki kifuko cha kulia kimeota uvimbe. Sasa umeuzidi ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, na umeanza kujisokota, kama mtu anavyokamua nguo. Ndiyo maumivu yake."

Nilitazama mchoro. Nilitazama mkono wangu. Kile nilichokuwa nimekishika na kukiita mzazi wangu, kilikuwa hicho.

"Wajawazito wengi wenye uvimbe hapo, unakuwa ni maji tu, unaisha wenyewe," aliendelea. "Huu umejaa nyama. Katika kazi yangu yote nimeuona kwa mjamzito mara moja tu."

"Huyo mmoja alikuwaje?" nikauliza.

Akafuta miwani tena. "Alichelewa kuja."

Alisema lazima afanyiwe upasuaji siku hiyohiyo. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano, na huo ndio wakati wenye nafuu: mtoto ameshika, na tumbo halijawa kubwa kiasi cha kumzuia daktari kufika panapotakiwa. Tukisubiri ajifungue, uvimbe ungejisokota mpaka uoze au upasuke, na tungewapoteza wote. Tukifanya sasa, mtoto angeweza kutoka kwa mshtuko, lakini mama alikuwa na nafasi nzuri, na mtoto pia alikuwa na nafasi.

Sista akaleta fomu na kalamu. Anayeweka sahihi ni mume. Mimi nilimlea, lakini mahari ilikwisha kutolewa. Kwa siku kama ile sikuwa na sauti ila ya kuomba. Mume wake alishika kalamu, akamtazama mama yake.

"Pacha hakatwi," mama yake akasema kutoka sakafuni. "Ukimtoa mmoja kabla ya siku yake, mwenzake atadai kutendewa vilevile. Atamfuata. Na mama yao atawafuata wote."

"Mama," sista akasema, "hakuna pacha. Picha imeonyesha."

"Picha! Mimi nilipigwa picha ya kitambulisho nikatoka sina shingo. Shingo yangu si hii hapa?"

Daktari alikohoa kuficha kicheko. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameuma kona ya shuka, na jasho lilikuwa limelowanisha mto.

Nikapiga magoti mbele ya yule mama. "Mama, tafadhali. Mwache atie sahihi."

"Wewe nyamaza kabisa," akaniambia. "Si wewe uliyesema wa kwanza kwamba wako wawili? Togwa yangu umekunywa. Ukaimba matusi mpaka mjomba wa huyu akaziba masikio. Leo umesahau?"

"Sijasahau. Nilikosea, mama."

"Ulikosea?"

"Nilikosea. Nilitaka wawe wawili, nikawasema wawili. Na aliponiambia anaumwa, nilimwambia wanagombania nafasi. Angeniambia mtu mwingine ningemleta hapa siku hiyohiyo. Kosa ni langu, si lake. Asife kwa kosa langu."

Nilisema haya mbele ya wote, na mdogo wangu anasikia. Mama mkwe alinitazama.

"Wewe umekosea," akasema. "Mimi bado."

Hapo ndipo sista alipofanya jambo ambalo hakuna kitabu kilichomfundisha, nadhani. Alitoa mfukoni kile kifaa cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, kilichokaa kama kikombe chenye shingo ndefu, akampa yule mama mkononi.

"Basi mtafute mwenyewe," akasema. "Ukimsikia wa pili, mimi nitamwomba daktari asimguse."

Mama mkwe alisimama. Aliweka kile kifaa upande wa kushoto wa tumbo, sista akamwelekeza kidogo, naye akainamisha sikio. Uso wake ukabadilika. Hakuwahi kusikia moyo wa mtoto tumboni, ingawa alizaa saba.

"Anakimbia," akanong'ona. "Anakimbia kama mbuzi."

Akahamia upande wa kulia, pale pagumu. Akasikiliza. Akasogeza chini, akasikiliza. Akasogeza ubavuni, akafumba macho, akatufanyia ishara tuache hata kupumua. Mdogo wangu aliguna kwa maumivu kila alipoguswa lakini hakusema aache. Sijui ilichukua muda gani. Najua miguu yangu ilikufa ganzi kwa kupiga magoti.

Mwishowe alijiinua.

"Huku kumenyamaza," akasema.



"Huyu amekwisha kuondoka. Alikwisha kuondoka zamani." Akamgeukia mwanawe. "Andika jina lako. Wamtoe huyo, asimvute mwenzake. Ila nikamwone akitoka."

Sista alifungua mdomo kumwambia kwamba hapakuwa na aliyeondoka, lakini daktari alimgusa mkono, akanyamaza. "Utamwona, mama," daktari akasema. Namshukuru kwa mengi mtu yule, na hilo ni mojawapo. Angeweza kushinda ubishi. Alichagua kuokoa muda.

Kabla ya upasuaji walitaka chupa mbili za damu ziwepo tayari, kutoka kwetu ndugu. Wanaokumbuka miaka ile wanajua jambo hili lilikuwa na uzito gani. Damu ilipimwa kwanza, na kila mtu alijua inapimwa nini. Mimi nilizika wazazi wawili walioumwa kwa muda mrefu, ugonjwa ambao majirani waliutaja kwa kushusha sauti. Niliwauguza kwa mikono yangu yenye michubuko. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimejizuia kuuliza. Tukajitolea mimi na shemeji yangu. Nilipokaa kwenye kiti cha kutolea damu nikafunga macho, si kwa sababu ya sindano.

Baada ya muda mtu wa maabara alitoka na kusema, "Zote mbili nzuri." Maneno matatu. Aliyasema huku anatafuta kitu kingine mezani. Nilikwenda pale kumtolea mdogo wangu damu, nikarudishiwa maisha yangu ambayo sikujua kama ninayo. Nilipomwangalia shemeji yangu, naye alikuwa anafuta uso kwa mkono wa koti lake.

Alasiri wakamwingiza. Tulikaa nje, sisi watatu, kwenye majani. Mama mkwe alitulazimisha mimi na mwanawe tunywe maziwa, kila mmoja kibuyu chake, akitusimamia mpaka mwisho. "Mmetoa damu, wekeni kitu," alisema. "Na wewe mwembamba hivi, hiyo damu uliificha wapi?"

Halafu sista akatoka mbio. Sijawahi kuona mtu mnene akikimbia hivyo.

"Chupa zote mbili zimeingia. Uvimbe ulikuwa na mishipa mikubwa, anavuja. Anahitaji ya tatu."

Mama mkwe alikunja mkono wa blauzi yake. "Chukueni yangu."

"Mama, wewe umri umepita," sista akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini. Akanigeukia mimi. "Kwenye friji ipo moja ya kundi lake. Iliwekwa na watu wengine kwa ajili ya mgonjwa wao. Naweza kuiombea. Lakini lazima irudishwe, dada. Ile haikai pale kwa bahati."

"Nitairudisha mimi."

"Wewe umetoa leo. Mpaka ipite miezi mitatu."

"Basi baada ya miezi mitatu. Nitarudi mimi mwenyewe."

Alinitazama machoni, akageuka, akakimbia tena. Sikuuliza ilikuwa ya nani. Ningeuliza saa ngapi?

Walimaliza jua likiwa bado juu. Daktari alitoka na kofia yake ya kijani imelowa, akasema mama yuko hai na mtoto yumo. Kisha akamwita mama mkwe, kama alivyoahidi. Mimi niliwafuata. Sista alileta beseni la bati, akafunua kitambaa. Palikuwa na kitu cha rangi ya kijivu na waridi, cha duara, kimefungwa vizuri katika ganda lake, chenye mabonde kama kiazi kikubwa. Mama mkwe aliinama. Alikizungushia macho pande zote. Alitafuta uso.

"Hana macho," akasema polepole. "Hana mkono." Kisha akanyooka na kujifunga khanga yake upya, kwa nguvu. "Huyu si mjukuu wangu. Huyu ni mwizi tu, aliingia nyumba ya watu." Akamgeukia daktari, akafanya jambo ambalo mwanamke wa umri wake hamfanyii kijana wa umri ule: alishuka kwa goti moja. "Asante, baba."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Tumbo lilikuwa linakaza na kuachia, na walimpa dawa ili mtoto asitoke. Aliambiwa asinyanyuke hata kidogo. Kila asubuhi sista alikuja na kifaa chake cha mbao, na kabla hajamsikilizia mtoto alimpa mama mkwe asikilize kwanza. Mama mkwe akainama, sisi tukamtazama uso. Siku ya nne alisema, "Mbuzi amepunguza mbio, sasa anatembea," na sista akacheka, akasema kwamba hilo ndilo neno lake la kidaktari alilokuwa analisubiri.

Siku moja kati ya hizo mdogo wangu aliamka akanikuta nimekaa peke yangu kitandani pake. Nikaona nafasi.

"Ulisikia niliyosema," nikaanza. "Kuhusu maumivu. Nilitakiwa—"

"Dada, nipe maji."

Nikampa. Akanywa, akanirudishia kikombe.

"Ungekuwa hujui kukosea usingetulea," akasema. "Ulikuwa unachoma ugali kila siku, na tulikula." Akageukia upande wa kushoto, akalala. Hatukulizungumza tena mpaka leo.

Kipande cha ule uvimbe kilipelekwa kupimwa, na majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Daktari alituita mimi na mume wake. Alisema ilikuwa kansa, ya aina inayowapata wasichana na wanawake vijana, mara chache sana kwa mjamzito. Lakini akaendelea haraka: haikuwa imetoboa ganda lake, na hakuona imegusa mahali pengine. Alikiacha kifuko cha kushoto kwa sababu kilikuwa kizima. Alitaka amwone mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Mdogo wangu hakukosa miadi hata moja. Ziwa likichafuka na kivuko kisiondoke Kamanga, alilala kwa watu pale ng'ambo akavuka kesho yake.

Mtoto alizaliwa miezi yake imetimia, msichana, kwa njia ya kawaida, hospitali ileile. Alipotoka na kulia, mama mkwe alimpokea, akambusu, kisha akamwambia mkunga, "Angalia vizuri, mwanangu. Angalia tena, mara moja tu." Mkunga akaangalia. Alikuwa mmoja.

Wengi niliowataja nimekwisha kuwashukuru kwa mkono. Daktari nilimpelekea sato wabichi, si mapanki, akasema ningemletea mapanki angefurahi zaidi. Sista alikuwa msimamizi wa mtoto siku ya ubatizo. Mama mkwe nilimuuguza mwenyewe miezi yake ya mwisho, alihamia kwangu Nyakato ili awe karibu na hospitali, na alinitukana vizuri mpaka wiki ya mwisho.

Imebaki ile chupa ya tatu.

Miezi mitatu ilipotimia nilikwenda. Mizani ilikataa: sikufika kilo hamsini, na chini ya hapo hawachukui. Siku ile ya kwanza nilifika kwa kubahatisha, tangu hapo nilikuwa nimekonda kwa kukesha na kukimbia. "Nenda ukale," sista akaniambia. Nilikula mwezi mzima, nikarudi, bado. Mara ya tatu nilifunga jiwe la kusagia ndani ya khanga. Nilipanda mizani kwa heshima zote. Sista alisoma, akasoma tena, akaniangalia.

"Dada, toa hilo jiwe."

Nililitoa. Alicheka mpaka akakaa, na mimi nikacheka, lakini njiani kurudi nililia. Baadaye niliolewa, nikawa na mimba, nikanyonyesha, mimba nyingine, nikanyonyesha. Kila nilipojaribu palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Sista alistaafu. Siku hizi damu inakusanywa kwa utaratibu mwingine kabisa, na hakuna kijana hata mmoja pale anayejua kwamba kuna mwanamke wa Nyakato anadaiwa.

Msichana yule alipokuwa chuo pale Butimba walikuja watu wa kuchangia damu, akatoa. Alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Mama mkubwa, nimekulipia!"

"Umefanya vizuri, mwanangu. Lakini hiyo ni yako. Mimi nilisema nitarudi mimi."

"Mama mkubwa, damu si ni damu?"

"Kwa mgonjwa, ndiyo."

Sasa uzito ninao, umezidi hata unaotakiwa. Kinachonirudisha ni presha. Mwezi uliopita binti wa maabara, ambaye angeweza kuwa mjukuu wa yule sista, alinifunga mkanda mkononi, akatikisa kichwa, akaniuliza kwa upole kwa nini mama wa umri wangu anang'ang'ania hivi, vijana si wapo. Nilimwambia kuna mtu aliwahi kuweka chupa katika friji lenu kwa ajili ya mgonjwa wake, na mgonjwa wangu akaitumia. Sijui kama mgonjwa wake alipata nyingine. Hilo ndilo linaloniamsha.

Akaniandikia nipunguze chumvi, nitembee kila asubuhi, nirudi baada ya wiki sita. Nimepunguza chumvi. Natembea mpaka kwenye njia ya reli na kurudi. Zimebaki wiki mbili, na chupa moja.